Mmoja Kati ya Mia

Kijana wa ukaguzi pale uwanja wa ndege alikuwa anainua kile kifimbo chao nikamwahi kwa kadi kabla hakijafika kifuani. Akaisoma taratibu, akanitazama chini ya mtulinga. "Kumbe una betri kama simu! Pita, mama." Watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, ila njia nzima hadi Mwanza mawazo yangu yalikuwa Chennai.

Mnajua ile mbio ya moyo ilivyonitesa. Naosha vyombo, mara mapigo 190 kwa dakika, najilaza sakafuni mpaka ipite. Dawa zikagoma, ukoo ukachanga, kaka akanisindikiza India.

Fomu ya kukubali matibabu ilikuwa ndefu, hatari zote zimeorodheshwa: kuvuja damu pajani, ukuta wa moyo kutoboka na damu kujaa kwenye mfuko unaouzunguka, kiharusi. Halafu hili: umeme wa moyo kukatika, chini ya mmoja kati ya mia. Daktari akanichorea pembetatu nyuma ya karatasi. Njia ya ziada inayozungusha umeme, ambayo ndiyo huchomwa, imepita milimita chache tu kutoka kwenye kifundo kinachoshusha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini. Kifundo hicho alikieleza Mjapani Tawara mwaka 1906, akaniambia, kana kwamba hilo lingenituliza. Kaka akauliza hao tisini na tisa huwaje. "Wengi huenda nyumbani kesho yake." Nikasaini.

Hawakunilaza usingizi. Waya zilipitia kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na hizo sikuzihisi. Nilichohisi ni moyo kuchokozwa: wanaugusa kwa umeme kidogo ili ile mbio ije. Ikaja, na daktari akafurahi kuliko siku zote nilizomwona. Wakaituliza. Kisha wakaanza kuchoma: joto nyuma ya kidari, likapanda mpaka kwenye taya, na nyuma ya kioo mtu anahesabu sekunde kwa sauti. Moyo ukaanza kwenda harakaharaka. Dalili njema, wakasema.

"Zima! Zima!"

Kifua kikanyamaza. Hapakuwa na maumivu, wepesi tu, na taa za dari zikawa zinarudi nyuma. Muda wote ule mashine ilikuwa ikilia kwa kila pigo na nilikuwa nimeizoea kiasi cha kuisahau. Sasa nikawa naingoja ilie, haikulia. Mtu akapaza sauti, "Kohoa, mama! Kohoa kwa nguvu!" Nikakohoa. Nesi aliyenishika mguu akamtupia mwenzake neno la Kitamil, na mpaka leo natamani kujua lilikuwa neno gani. Halafu, du! Pigo moja zito, lisilo langu. Waya uliokuwa chumba cha chini ulikuwa umeanza kunipigia moyo.

Tukangoja siku kadhaa, maana mara nyingi umeme hurudi wenyewe. Wangu ulirudi nusunusu, asubuhi upo, jioni haupo. Wakaniwekea betri chini ya mtulinga, ya kuupigia moyo pale unaposhindwa. Daktari alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza kila kitu bila kuzungusha maneno, wala hakuusingizia moyo wangu kuwa ndio wenye maumbile ya ajabu. Hilo nililiona, na ndilo linalonisumbua: nikijaribu kumkasirikia, hasira haikai. Nikijaribu kushukuru, nako sifiki.

Ile mbio haijawahi kurudi. Mama huwatangazia wenzake wa kikoba kwamba binti yake amepona. Kaka, ambaye alitaka kutafuta wakili tukiwa bado wodini, anasema nilipelekwa na ugonjwa mmoja nikarudishwa na mwingine, tena wa kubadilishiwa betri kila baada ya miaka. Huulizana mbele yangu, kila mmoja akitaka niseme aliye sahihi. Siku ya Idi wakianza, mimi huenda jikoni kupakua pilau, na huwa sina haraka ya kurudi.