Walikuwa Bado Sokoni Saa Kumi na Moja

Tafakari ya wiki: Mathayo 20:1-16

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita, mnada wa sadaka ukiendelea nje ya kanisa, mkungu wa ndizi na trei la mayai vikipandishwa bei, nilimwona kijana mmoja wa kwaya akitokea mlango wa pembeni na kukata kona kuelekea barabarani kabla watu hawajaanza kusalimiana. Sikumwita. Mlango ule naujua, niliutumia miaka mingi na kwa sababu ileile. Mtu aliyemaliza chuo akakaa bila kazi mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tano, ibada haimpi shida. Shida yake ni zile dakika kumi za baada ya ibada, pale mama mmoja mwenye upendo wa kweli atakapomshika mkono na kumwuliza, "Mwanangu, siku hizi uko wapi?"

Basi wiki hii naandika kwa ajili ya walio sokoni. Naazima neno hilo kwa Bwana Yesu mwenyewe, katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu.

Mwenye shamba anatoka alfajiri, anapatana na vibarua dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, tena saa sita, tena saa tisa. Halafu anatoka saa kumi na moja. Hapa sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tuna baraka ya pekee, maana saa zetu na saa za Wayahudi wa wakati ule zinahesabiwa namna moja, tangu jua linapochomoza. Saa tatu tunaijua, ni saa ya chai. Saa sita jua liko utosini. Saa tisa vivuli vimeanza kurefuka. Na saa kumi na moja jioni hakuna asiyeijua: kuku wanatafuta pa kulala, mama anawasha jiko, imebaki saa moja giza liingie. Ni nani anayeajiri mtu saa kumi na moja?

Na watu walikuwa bado wamesimama pale.

Nimewahi kusikia wakihubiriwa kama wavivu waliochelewa kuamka. Nasema kwa heshima kwamba andiko halisemi hivyo. Yule bwana mwenye shamba anawauliza, "Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" Mchana kutwa. Yeye ndiye shahidi wao kwamba walikuwepo. Kwa nini hawakuchukuliwa saa tatu, au saa sita, Yesu hakutueleza, nami sitaki kujaza pengo aliloliacha. Wao wenyewe walijibu kwa maneno machache: hakuna mtu aliyetuajiri.

Naomba tukae kidogo na jibu hilo. Halina kujitetea ndani yake, wala aibu. Ni taarifa tu ya jinsi siku ilivyokwenda. Na yule bwana hakulipinga. Hakuwaambia kwamba hawakujituma. Hakuwauliza mbona wenzao wamepata. Aliliamini, akawaambia nao waende shambani.

Mimi jibu hilo lilinichukua miaka kulisema kwa sauti. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2015, masomo ya Historia na Kiswahili. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Nafasi za ualimu ziliporudi, waliotangulizwa ni wa sayansi na hisabati, na sina kinyongo, kwa sababu hao ndio waliokuwa adimu shuleni. Lakini sisi wa masomo ya sanaa tulirundikana mwaka juu ya mwaka, na kila mahafali yalituletea wenzetu wapya. Haya yote niliyajua. Mchana ningeweza kumweleza yeyote vizuri kabisa. Usiku nikilala, nilijihukumu kana kwamba nimetenda kosa. Ndivyo kukosa kazi kunavyomfanyia mtu: jambo la nchi nzima linageuka dhambi ya mmoja kitandani kwake.

Mliopita huko mnajua mambo yake. Bahasha ya kaki inayolegea pembe. Nakala za vyeti zinazotaka muhuri wa wakili, na kila muhuri una bei yake. Steshenari ambako kijana wa kompyuta amekuzoea hadi anafungua barua yako ya maombi bila kuuliza, anabadilisha tarehe na jina la mwajiri. Namba ngeni ikiita, moyo unaruka, kumbe ni mtu amekosea namba. Nilisafiri kwenda Dodoma kwa basi la usiku kufanya usaili wa mchujo, nikalala kwa binamu wa rafiki, tukafanya mtihani ukumbini watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Majina yalipotoka niliishusha orodha kwa kidole kwenye simu, polepole, hadi herufi yangu ikapita. Nikarudi juu nikaanza upya, labda nimeruka. Mama alikuwa na mazoea ya kuniuliza jioni, "Wale watu hawajapiga?" Siku alipoacha kuuliza iliniuma kuliko siku zote alizouliza.

Katika miaka hiyo nilirushiwa andiko moja mara nyingi, 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyefanya kazi asile. Naomba tulisome linavyosomeka. Paulo aliandika, "ikiwa mtu hataki kufanya kazi." Hataki. Yule aliyeandika barua mia na kugonga kila mlango, andiko hilo halimhusu, na anayelitumia kumpiga nalo amelikata kichwa.

Sasa niwasimulie juu ya mzee mmoja. Mjini kwetu Morogoro kulikuwa na kijiwe chini ya mwembe ambapo mafundi walikaa kusubiri kazi, wa rangi na brashi zao, wa plasta na mwiko kwenye ndoo, fundi bomba na mfuko wa spana. Mwenye kazi akija anasimamisha gari, anaita, wawili wanapanda. Nilikuwa napita pale kila siku kwenda shule ya kata niliyokuwa nafundisha kwa kujitolea, kwa posho ndogo iliyochangwa na wazazi. Asubuhi pamejaa. Jioni nikirudi, walikuwa wamebaki wachache, na kila mara kati yao yupo mzee yule fundi bomba, anafuta spana zake kwa kitambaa chenye mafuta. Siku moja nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nikaketi kwenye jiwe la jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza mbona haendi nyumbani, saa hizi nani ataanza kazi. Akaniambia, "Wa plasta waende, ukuta unaweza kungoja kesho. Bomba likipasuka jioni, maji yamejaa sebuleni, watamtafuta nani? Aliyekwisha kuondoka?" Nikamwuliza na siku ambazo hakuna bomba lililopasuka. Akacheka kidogo. "Hizo ni nyingi. Narudi mikono mitupu. Lakini njia ya kuja kesho naijua."

Sikupata ajira wiki ile, wala mwaka ule. Lakini tangu siku hiyo nilikoma kuliona tumaini kama hali ya moyo ambayo ni lazima nijisikie nayo kila asubuhi, maana kuna asubuhi nyingi sikujisikia chochote. Nikaanza kuliona kama kufuta spana. Jumatatu na Alhamisi asubuhi zilikuwa za kutafuta nafasi na kuandika maombi, na nikimaliza naifunga bahasha, siigusi hadi zamu yake. Siku nyingine nilifundisha. Jioni niliuza genge mbele ya nyumba, nyanya, vitunguu, na mchicha. Zaburi ya 13 niliisoma sana, kwa kuwa Daudi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo na Mungu hamkemei. Mkiwa hamna nguvu ya kuomba kwa maneno yenu, ombeni kwa hayo ya Daudi.

Wazee wa pwani walimwita mtu wa kazi ya kutwa kibarua kwa sababu ya kile kikaratasi, barua ndogo, alichopewa kushuhudia siku aliyofanya. Nilikuwa mtu wa barua kubwa zisizojibiwa. Genge lilikuwa kibarua changu, ushahidi kwamba siku ile nilifanya kitu na tukala. Sala ya Bwana nayo inaomba mkate wa leo, na miaka ile ndipo nilipoielewa.

Mwaka 2022 nikaajiriwa, katika shule binafsi, kwa mshahara usio mkubwa, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Nalisema hili kwa tahadhari. Chuoni nilikaa dawati moja na ndugu ambaye mpaka leo hajaitwa popote. Anafuga kuku, anaongoza maombi ya alfajiri, na imani yake inanizidi. Kwa hiyo msinitumie mimi kama mfano wa kwamba ukiomba vizuri utapata. Na tafadhali, yeyote anayewaambia mtoe sadaka ya kiasi fulani ili ajira ifunguke, msimpe. Vilevile yule anayepiga simu kutaka ada ya usajili ili akuunganishe na kazi. Mwenye shamba katika mfano wa Yesu hakumtoza mtu hata senti kuingia shambani. Wanaowala walio sokoni hawakutumwa na yeye.

Ninachowaahidi ni kile kilichoandikwa, kwamba yule bwana alirudi. Alitoka mara tano kwa siku moja. Baada ya saa tisa, kwa hesabu yoyote ya shamba, alikuwa na watu wa kutosha. Mkulima yeyote atakuambia mtu wa saa moja ya mwisho halipi gharama yake. Naamini alirudi saa kumi na moja kwa sababu aliwajali waliosimama pale. Kisha akawalipa dinari nzima. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, pesa ya kulisha nyumba siku hiyo. Sheria ya Musa ilishaagiza maskini alipwe kabla jua halijatua kwa kuwa moyo wake unautegemea ujira huo (Kumbukumbu la Torati 24:15). Mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja ana watoto wenye njaa ileile kama ya watoto wa aliyeajiriwa alfajiri. Bwana alilitazama sufuria lililokuwa linangoja nyumbani.

Na sasa neno kwetu tulio shambani tayari. Wale wa kwanza walilalamika kwamba wamestahimili taabu na hari za mchana kutwa. Ni kweli, walifanya kazi kwelikweli. Lakini jua la sokoni lilikuwa lilelile la shambani. Waliosimama pale nao waliungua mchana kutwa, tena bila hata kujua kama jioni kutakuwa na ujira. Kungoja nako kunachosha mwili. Tukilishika hilo, hata namna yetu ya kusalimiana mlangoni itabadilika. Badala ya "uko wapi siku hizi," tumwulize kijana kwaya inafanya mazoezi lini, mama yake anaendeleaje. Kadi za michango ya harusi tusimpe kwa macho ya kumpima. Wengi waliopotea kwenye jumuiya zetu walianza kwa kuona haya ya ahadi wasizoweza kulipa. Na tukisikia nafasi kazini kwetu, tumpigie mtu simu siku hiyohiyo. Nafasi yangu mimi ilikuja hivyo: mama mmoja wa jumuiya, mpishi wa shule, alimsikia mkuu wa shule akisema anahitaji mwalimu wa Kiswahili, akanipigia akiwa bado jikoni, sufuria zinasikika nyuma yake.

Tuombe. Bwana, unawajua waliosimama mchana kutwa. Wape mkate wa leo, uwaondolee hukumu ya usiku. Utufumbue macho sisi tulio shambani tuone nani bado yuko sokoni. Amina.

Alhamisi hii jumuiya inakutana kwangu. Mnaotafuta kazi, njooni na bahasha zenu na simu zenu. Yupo mpendwa anayejua kuandika wasifu vizuri, atakaa na kila mmoja. Mlio na kazi, njooni na majina ya watu mnaoweza kuwapigia, na muwe tayari kuandikwa kama wadhamini. Kijana wa kwaya, nitakupitia mwenyewe. Tunaanza saa kumi na moja jioni.