Kizuri Chajiuza?

Nililelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sikuwahi kubishana nayo hadi nilipochapisha hadithi zangu kwa gharama yangu mwenyewe, nakala 200, nikagundua kwamba kitabu kilichomo kwenye boksi chini ya kitanda hakijiuzi, kiwe kizuri au kibaya.

Nilipopeleka nakala tatu katika duka moja la vitabu hapa Mombasa, muuzaji hakufungua hata ukurasa mmoja. Alitazama mgongo wa kitabu, akauliza mchapishaji ni nani, nikamjibu kuwa ni mimi, akanirudishia vitabu vyangu kwa adabu. Namba ya ISBN nilikuwa nayo, lakini tarakimu zile 13 hukitambulisha kitabu tu. Hazisemi kwamba kuna mtu aliyekisoma na kukipitisha. Nikiri kwamba hakukosea sana, kwa sababu mhariri wangu alikuwa binamu yangu, mwenye jicho kali na muda mchache.

Nikahamia mtandaoni. Tangazo langu la kwanza kwenye stetasi ya WhatsApp lilisema “Kitabu kikali, usikose!” na baada ya dakika kumi nikalifuta kwa haya. Siku ya pili nilipiga picha ukurasa wa 14, pale mama na mwanawe wanapogombania ufunguo wa kabati, nikauweka bila sifa yoyote, bei ikiwa chini yake. Watu saba waliniandikia kuuliza ufunguo ulibaki kwa nani, na wanne kati yao wakanunua.

Si kwamba kujigamba ni kugeni kwetu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alijigamba waziwazi katika tungo zake na hakuwa na mchapishaji. Tungo hizo zilitunzwa vichwani mwa watu, na diwani yake ikatoka mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Lakini Muyaka alijigamba mbele ya washairi wenzake walioweza kumjibu kwa beti, na jibu likiwa zito kuliko tambo lake, mji mzima ungejua. Jirani yangu mmoja, mwanamuziki chipukizi, alinunua wafuasi 5,000 ili aonekane ameshafika. Wimbo wake uliofuata ulisikilizwa na watu wasiozidi 80, na hao 5,000 hawakuwa na la kumjibu, zuri wala baya.

Boksi langu sasa lina nakala 61. Juzi msomaji nisiyemfahamu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Lamu, wa dakika nne, usio na sifa hata moja: mvuvi wangu, ambaye nimemfanya mzaliwa wa huko, anamwita mwenzake kwa “njoo”, ilhali Mwamu angesema “ndoo”. Nimelisahihisha katika faili ya chapa ya pili, nikamwomba atazame na kurasa zilizobaki.