Kigango kisicho na mguu

Mpwa wangu yuko ughaibuni, na jana kanitumia picha ya tangazo la mnada wa kigango, ule ubao wa kuchongwa ambao sisi Wamijikenda humsimikia marehemu: "Mjomba, hiki si kama kile cha kwa babu?" Bei sitaitaja, nisije nikawatia watu tamaa. Mimi macho yaliniishia chini, pale mbao ilipokatwa kwa msumeno, ikanyooka kama meza, ikachomekwa kwenye kitako cha chuma.

Nilikuwa mvulana wa kutumwa maji siku kilipochongwa kigango cha babu mkubwa. Alikuwa amemjia mwanawe ndotoni, akilalamika kwamba yuko mvuani na wenzake wote wana mahali pa kukaa. Mganga akathibitisha, wazee wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, wakaitwa, mbuzi wakatafutwa. Mtu wa kawaida hutosheka na koma, kijiti kifupi tu. Lakini babu alikuwa mwana Gohu, na mwana Gohu hudai ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo, shingo na kiwiliwili. Vingine ni vya futi 4, vingine hufika 9.

Gogo lilikuwa limeshapasuliwa nilipofika. Mchongaji, mzee mkavu asiyependa maneno, alikuwa akipunguza weupe wa nje kwa tezo mpaka kikabaki kiini kitupu. Weupe ule ndio chakula cha mchwa. Ukiuacha kwa uvivu, kiini kitabaki kizima lakini kitachezacheza shimoni kama jino bovu, kwa sababu kilichokizunguka kimeshaliwa. Theluthi ya chini hakuigusa kwa nakshi hata kidogo. Aliiacha na makovu yake ya tezo, kwa kuwa udongo hushika mahali penye mikwaruzo kuliko palipolainishwa.

Kisha akatoa kisu. Kazi yangu ilikuwa kukalia mguu wa ubao usitikisike, kwa hiyo niliona kila kitu kwa karibu, vumbi likiniingia puani.

Nakshi ya kigango ni pembetatu, safu kwa safu, na kila pembetatu ina mikato sita. Mitatu ya kwanza huzamishwa kutoka katikati kwenda kila kona. Ncha ya kisu huingia ndani kabisa pale katikati na kupanda kadiri inavyokaribia kona. Mitatu ya pili kisu hulazwa, kikaingia kutoka kila ubavu kuteremkia katikati, na vipande vitatu vyembamba hujifyatua vyenyewe. Kisipofyatuka, mkato wa kwanza haukuzama vya kutosha; ukikidokoa kwa nguvu unachana ukuta unaotenganisha pembetatu hii na jirani yake. Kuta hizo zina unene wa kucha. Alikuwa akianza na mikato inayokatiza nyuzi za mti, maana hiyo ndiyo hatari, halafu inayofuata nyuzi. Kila baada ya safu mbili aliguna, nami nikajua ni wakati wa kunyunyiza maji na kusogeza ubao kivulini. Mti mbichi unakatika vizuri, ila jua la Kilifi likiupata nusu saa unapasuka kuanzia kichwani.

Kichwa chenyewe alikiacha mwisho. Wanawake walikatazwa kupita upande ule, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza.

Mengine yalikwenda haraka: chokaa, masizi na udongo mwekundu mashimoni, vitambaa shingoni, ngoma usiku kucha. Alfajiri shimo likachimbwa kwa mtalimbo, jembamba, likamiminiwa mnazi, kigango kikasimama. Udongo ulirudishwa mkavu, tabaka kwa tabaka, ukishindiliwa. Mwenye haraka humwagia maji. Tope likikauka hunywea, na babu anaanza kuinama.

Tulipohama, hakikuhama. Ndiyo kawaida yake: kigango husimikwa mara moja, wenyeji wakienda kwenye ardhi yenye rutuba zaidi, chenyewe hubaki kwenye ganjo, yaani mji uliohamwa, na mtu akiwa na shida hurudi huko huko. Ndivyo wezi walivyopata urahisi. Viwili alivyosimika Mzee Kalume Mwakiru kwa ajili ya ndugu zake vilipigwa picha mwaka 1985 na mwanaanthropolojia Monica Udvardy, vikaibiwa, na kuja kuonekana Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia. Kilichoviokoa ni ile picha, yenye mzee na mahali pake. Kimoja kilirudi kwa familia mwaka 2007. Vile 30 vya makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, vilifika Nairobi 2019, lakini makaratasi ya mauzo hayakuandika vilitoka kwenye miji ya nani. Nakshi haitakwambia. Jina la marehemu haliandikwi ubaoni. Linajulikana kwa shimo.

Na shimo ni ardhi, mambo ya ardhi Pwani mnayajua. Wapimaji walipokuja kwenye ganjo letu, mwenye madai mengine alileta hati. Wazee wetu hawakuwa na karatasi, wakawapeleka kwa babu. Kijana mmoja wa upimaji akazunguka, akashika shingo kuona kama kinatikisika. Hakikutikisika. Akapiga picha, akaandika namba kwenye daftari, akauliza kama kuna jiwe la mpaka karibu. Hatujaambiwa lolote hadi leo.