Kijiko cha trekta kilipanda kwa kusuasua, na pampu ilikuwa nzima

Trekta letu dogo lilianza kunyanyua kijiko cha mbele kwa kusuasua, na mkono wa kuchimbia wa nyuma ukawa unatetemeka. La jirani, aina ileile, lilikuwa likipandisha upesi. Fundi akataka tununue pampu mpya ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia kijiko. Bei yake acha tu! Nikafunga geji ya kupimia presha ya oili kwanza: presha ikafika bar 170 (bar ni kipimo cha presha), kama kitabu kinavyotaka. Presha ndiyo nguvu ya kunyanyua. Wepesi unatokana na wingi wa oili inayopita. Kwa hiyo oili ilikuwa haifiki ya kutosha. Kuchungulia tangi, povu tupu. Klipu ya paipu ya kufyonzea ilikuwa imelegea, inavuta hewa, na filta imejaa tope jeusi. Nikabadilisha vyote, nikajaza oili mpya. Sasa kijiko kinapanda vizuri, hata oili ikishapata moto.