Kisu nilichokifua kwa mikono yangu Sakai
Jamani, leo nimeshinda kwa mhunzi mmoja mjini Sakai, kusini mwa Osaka huko Japani, na mpaka sasa mikono inanitetemeka kwa furaha.

Tulianza na chuma laini kilichobandikwa ubapa mwembamba wa pua, yaani chuma kigumu cha feleji. Pua ndiyo inayoshika makali. Chuma laini huibeba isivunjike. Fundi akazima taa. Kumbe rangi ya chuma kilichotoka motoni husomwa vizuri gizani! Akanizuia kwa kiganja mpaka kikawa rangi ya chungwa lililoiva, ndipo nikapiga. Mapigo matatu ya kwanza yalienda kombo. Akanishika kiwiko, akanionyesha niuache uzito wa nyundo ufanye kazi, si bega langu.

Kisha kukitumbukiza majini. Chwiii! Hapo moyo ulisimama, maana kisu kinaweza kupasuka papo hapo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Sakai kazi hii hugawanywa: anayefua si anayenoa, wala si anayetia mpini. Sisi wageni wa siku moja tulipitishwa kote. Kunoa peke yake kulinila saa mbili, jiwe la kukwaruza kwanza, halafu laini, maji yakigeuka tope jeusi vidoleni. Makali ni upande mmoja tu, kama visu vyao vya kukatia samaki mbichi.

Mwisho mkia wa kisu ulipashwa moto, ukagongewa ndani ya mpini wa mti.

Jioni nimekata nyanya. Kisu kimepita bila kuiminya hata kidogo.