Wawili wa mwisho nimewapeleka kwa mla simbilisi

Jumapili, saa nne usiku. Joto limepungua, kusi imeanza kuvuma, na mimi nimekaa barazani nanusa mikono yangu. Inanuka nyasi.

Jioni ya leo nimefunga kapu nyuma ya baiskeli, nimetoka Makorora hadi Mwakidila, hapa Tanga, na ndani ya kapu walikuwa simbilisi madume wawili, wale wanyama wadogo wanene wenye manyoya ambao kwa Kiingereza huitwa guinea pig. Nimewakabidhi kwa mzee ambaye kwao Tukuyu simbilisi ni kitoweo. Miezi mitatu iliyopita mtu huyo huyo nilimwambia hapana, tena kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumpandishia mzee.

Nianze kwa wale wasiojua nilivyoingia humu. Novemba mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa Njombe, alihamishwa kikazi. Alibeba godoro, akabeba jiko, akaacha boksi la mbao lenye simbilisi watatu na nusu mfuko wa pumba. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, ama uwachukue wewe ama nawafungulia waende zao." Waende zao wapi, kwa kunguru hawa wa Tanga? Kifaranga cha kuku hakivuki uwanja salama, sembuse mnyama mnene asiye na mkia wala asiyejua kupanda ukuta. Nikawachukua. Sikuwa na huruma kubwa ya kusifiwa, nilikuwa tu sitaki kuona.

Watoto wa mtaa wakaja kuangalia. "Shangazi, umeanza kufuga panya?" Mmoja anayesoma shule ya Kiingereza akawatisha wenzake kwamba kitabuni jina lake la Kiingereza lina nguruwe, pig, ndani, wakatawanyika kama wameona nyoka. Ikabidi nimuombe maalim wa Mikanjuni, mteja wangu wa siku nyingi, anisaidie. Akamshika mmoja kiganjani, akacheka: "Jina la Kizungu halimgeuzi mnyama." Na kweli, si nguruwe kwa lolote. Ni ndugu wa mbali wa panya, ametoka milima ya Amerika ya Kusini, huko Andes, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Wamemfuga wamle, hilo nalo nilisome kwa sauti.

Sasa aibu yangu. Mimi nauza kwenye duka la dawa. Kila siku mtu anakuja na mafua namhesabia vidonge vya vitamini C bila hata kufikiri. Nyumbani, chini ya meza yangu, simbilisi walikuwa wanakula pumba tupu, manyoya yamesimama ovyo, na jike mmoja anatembea kama mtu mwenye baridi yabisi. Kumbe mwili wa simbilisi, kama wetu sisi, hauwezi kutengeneza vitamini C. Mbuzi anaitengeneza mwenyewe, paka pia, hata panya wa darini. Huyu asipoila, viungo vinavimba, fizi zinauma, anakonda mpaka anakufa huku ana chakula mbele yake. Nikafanya haraka ya mtu wa dukani, nikasaga kidonge majini. Majini haidumu, hasa penye mwanga. Nikakimbilia machungwa ya Muheza, wakanusa wakageuka. Kilichowaponya ni pilipili hoho na mapera, vyote vina vitamini hiyo kuliko chungwa, pamoja na ukoka mbichi kila siku Mungu aliyoleta. Nyasi ndizo chakula chao hasa. Meno yao hayaachi kuota maisha yote, yasiposagana na nyasi yanarefuka mpaka mdomo haufungi.

Katikati ya Desemba majike wote wawili walizaa, mmoja watatu, mwingine wawili. Vitoto vya simbilisi ni kitu cha ajabu. Vinatoka na manyoya, macho wazi, meno tayari, na siku hiyo hiyo vinakimbia nyuma ya mama kama vimechelewa daladala. Nilifurahi kama mjinga. Sikujua kwamba jike anaweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa, na dume nilikuwa nimemwacha mumo humo ili, eti, asijisikie mpweke.

Mwishoni mwa Januari nikaua mmoja. Nasema nikaua kwa sababu neno jingine silioni. Banda nililowajengea uani nilikuwa nimeliezeka mabati, nikaenda kazini asubuhi kivuli kikiwepo. Saa nane mchana ya kaskazi hapa Tanga mnaijua. Jirani alinipigia simu, nikafika, mmoja wa wale wadogo amelala chali, mate yanamtoka, mbavu zinaenda mbio. Nililoanisha kitambaa, nikampepea, hakufika magharibi. Wanyama hawa asili yao ni milima ya baridi. Njombe wanalala jikoni karibu na moto na wanashukuru. Joto likipita nyuzi 30 kwao ni hatari, na mimi niliwaweka ndani ya oveni. Tangu siku ile wanalala ndani kwenye sakafu ya saruji, na mchana nawawekea chupa ya maji yaliyogandishwa, nimeizungushia kipande cha kanga. Wanaiegemea kama mto.

Mwisho wa Februari majike wale wale wakazaa tena, saba kwa pamoja. Mimba yao huchukua siku 59 hadi 72, hesabu ilikuwa wazi kabisa kwa mtu aliyetaka kuhesabu.

Ndipo yule mzee wa Tukuyu akaja dukani kununua dawa ya macho, akasikia mlio kutoka chumba cha nyuma, ambako siku hizo nilikuwa nawaweka mchana. Wakisikia mfuko unachakarishwa wanapiga mluzi, wiii, wiii, mpaka mteja anashtuka. Mzee aliacha dawa kaunta. "Hao ni simbilisi!" Nikamshikia pazia akaingia, akachuchumaa, akamgeuza mmoja chali kwa mkono mmoja, akabonyeza kidogo chini ya tumbo. "Huyu unayemwita dada ni dume. Na yule. Na yule. Huyu jike wako mdogo ana mimba ya baba yake au ya kaka yake, chagua." Dume wa wiki tatu umtenge na mama yake, alisema, ukingoja miezi umechelewa. Ndani ya nusu saa alikuwa amenigawia nyumba mbili, ya wanaume na ya wanawake. Daktari wa mifugo nilishamuuliza habari ya kuhasi, naye akanijibu kiungwana kwamba mbuzi na mbwa ndiyo kazi yake, mnyama wa kilo moja hathubutu kumlaza kwa sindano. Kwa hiyo ukuta wa mbao tu ndio uliobaki.

Nikamuuliza mzee anataka malipo gani. Akasema nimpe wanne. "Kufuga?" "Kufuga, halafu kula." Hapo ndipo nilipompandishia sauti.

Jike mdogo naye akazaa, idadi ikafika 16. Nikaanza kuwatafutia nyumba, na nilijifunza upesi kwamba cha bure hakina mwenyewe. Nikaweka sharti langu: anayetaka simbilisi aniletee kwanza mzigo wa nyasi alizokata kwa mkono wake. Wengi waliishia hapo. Waliobaki niliwauliza una paka, jua linapiga wapi saa nane, na kwa nini. Wawili wakaenda Chumbageni kwa fundi baiskeli, ambaye mwanawe alileta nyasi safari tatu kabla sijamwambia chochote. Watatu kwa maalim. Wanne Pongwe, wawili Sahare.

Mmoja niliyemtoa alirudi. Mama wa Raskazone, nyumba ya feni na vigae, alitaka jike mmoja tu, wawili watachafua. Nikakubali kwa sababu ya vile vigae. Baada ya wiki mbili akanirudishia, mnyama amenyamaza, hali vizuri, amejikunja pembeni. Simbilisi huishi kwa kundi, peke yake anazimika. Nimesoma kwamba Uswisi tangu 2008 sheria hairuhusu kufuga mmoja peke yake. Nilipomsimulia jirani alijishika kiuno: "Hiyo ni Uswisi, shoga, sisi tuko uswazi." Lakini nilipomrudisha kwa mama zake alilia usiku kucha ule mluzi, na asubuhi alikuwa amelala katikati yao.

Wakabaki madume wawili. Madume hakuna anayewataka, wakikua wanagombana, na hawa walishaanza kung'atana masikio. Nimekaa nao wiki tano nikisubiri mtu mwema. Na kila nikiwaza mtu mwema, anayekuja akilini ni mzee yule yule, kwa sababu katika watu wote niliowahoji hakuna hata mmoja aliyejua nusu ya anachokijua yeye.

Jana nikampigia. Nikamwambia wawili, wa mbegu tu, si wa sufuria. Akajibu, "Mbegu hailiwi, mwanangu."

Banda lake liko chini ya mwembe, fito na makuti, sakafu ya nyasi kavu. Nimeingiza mkono ndani, ubaridi wake banda langu la mabati halijawahi kuuota. Kila dume amepata chumba chake na majike yake. Wamezunguka, wamenusa, kisha yule mwenye doa jeusi akaruka juu akijipinda hewani, wanavyofanya wakifurahi. Kwangu alikuwa hajaruka tangu Machi.

Nikauliza, "Na watoto wao, baba?"

Mzee alikuwa anakata nyasi kwa panga, hakuinua kichwa. "Watoto wao ni wangu."

Sikumjibu. Sikuwa na la kumjibu, nami Ijumaa nilikula kuku. Nikamuaga, akanifungia mzigo wa nyasi kwa ajili ya watatu niliobaki nao, akakataa hela.

Nimefika nyumbani usiku umeingia. Sijashusha hata mzigo, wale watatu wamesikia mnyororo wa baiskeli wakaanza mluzi wao. Nimewawekea nyasi za mzee zote. Wanakula sasa hivi, nawasikia kutoka hapa barazani.