Gehazi na Fundo la Khanga

Somo: 2 Wafalme 5:15–27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili vijana wetu wanne wameyaona majina yao kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira. Kuna aliyekuwa akituma maombi kwa miaka mitatu bila kuchoka, na mama yake amefunga na kuomba kwa ajili ya siku hii. Jumapili, baada ya ibada, mmoja wao, binti aliyesomea utawala, alinifuata pale chini ya mwembe akaniuliza, "Babu, wakiniuliza maadili ya mtumishi wa umma ni yapi, nijibu nini?"

Nikamtajia yale manane yaliyo kwenye kanuni: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Akaandika kwenye simu yake, akashukuru, akaondoka. Nilipofika nyumbani moyo ukanisuta. Nilikuwa nimemjibu kama karani, sikumjibu kama babu yake katika Bwana. Ndiyo maana tafakari ya juma hili nimeielekeza kwake na wenzake, nanyi wengine mnisikilize.

Mnaijua habari ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Alikuja kwa nabii Elisha na talanta kumi za fedha, shekeli elfu sita za dhahabu na mavazi kumi ya kubadilisha. Akajichovya mara saba mtoni Yordani, akapona, nyama yake ikarudi kuwa kama ya mtoto mchanga. Akarudi kwa nabii kushukuru, akamsihi apokee zawadi. Elisha akamjibu, "Kama Bwana aishivyo, sitapokea kitu." Naamani akamshurutisha, naye akakataa.

Tuangalie vizuri kile alichokikataa, maana haikuwa rushwa kwa jinsi tunavyoizoea. Huduma ilishatolewa. Mgonjwa alishapona. Hakuna aliyemzungusha wala kumwambia njoo kesho. Mtu ameridhika, anatoa kwa moyo mweupe, na mwenyewe anaiita baraka. Ni ile ambayo sisi huku tunaiita asante, au ya soda, au ya maji. Kwa mila zetu mtu aliyekusaidia humwachi aende mikono mitupu, na mila hiyo ni nzuri. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Kwa nini basi nabii aliikataa kwa kiapo?

Naamani alikuwa mgeni kwa Mungu wa Israeli. Alikotoka, miungu ilitulizwa kwa mali, na wakubwa walifikiwa kwa mali. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa amekutana na Mungu anayetoa bure. Akaomba hata abebe udongo wa nchi ile, mzigo wa nyumbu wawili, ili akamwabudie Mungu huyo kwao. Elisha angepokea hata vazi moja, Naamani angerudi Shamu akisema, "Na huyu naye ana bei yake, ila ni nafuu."

Sasa aje Gehazi, mtumishi wa Elisha. Naomba tusimwone Gehazi kama mwizi aliyeingia kwa dirisha. Alikuwa mtumishi mzuri. Rudini sura moja nyuma: Elisha alipotaka kumtendea wema yule mwanamke Mshunami, ni Gehazi aliyejua kwamba mama yule hana mtoto na mumewe ni mzee. Alikuwa akiwajua watu na shida zao. Mtumishi wa namna hiyo ndiye kila ofisi inamtamani. Lakini ujuzi ule ule wa kujua nani ana shida gani, na nani ana nini mfukoni, ndio siku moja ulimponza. Akajisemea moyoni kwamba bwana wake amemwachilia Mshami huyu hivi hivi, akaongeza, "Kama Bwana aishivyo, nitapiga mbio nimfuate, nipokee kitu kwake."

Mmeona? Maneno ya kiapo ni yale yale. Elisha ameapa kwa Bwana kwamba hapokei, Gehazi ameapa kwa Bwana yule yule kwamba anapokea. Ndugu zangu, kusali hakujawahi kumzuia mtu kula rushwa kama hajaamua. Nimefanya kazi na watu walioanza siku kwa sala, Biblia ipo kwenye droo, na droo iyo hiyo ndiyo inayopokea bahasha.

Mimi nilikuwa masijala. Miaka thelathini na moja nimefungua na kufunga makabati ya chuma katika ofisi za serikali, sitazitaja. Wasiojua, masijala ndiko mafaili yanakokaa. Mkubwa anaweza kuwa na sahihi, lakini kama faili halionekani, sahihi yake haina pa kukaa. Karani wa masijala hana cheo, ila ana uwezo mmoja mkubwa sana: anaweza kusema "halionekani."

Mwaka 1994 alikuja mama mmoja, mjane wa mwalimu, anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Ilikuwa safari yake ya nne. Mara tatu za mwanzo tulimwambia faili linatafutwa, na kweli lilikuwa halijaonekana. Siku ile nilitulia, nikatafuta, nikalikuta limewekwa kwenye kabati lisilo lake. Nikamwambia, "Mama, limepatikana, leo linapanda kwa mkubwa." Akashukuru kwa machozi. Kisha akashika pindo la khanga yake, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa, akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo sana, akatoa ya mia tano, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja, akasema, "Ya maji, baba."

Nikaipokea. Sikuwa nimeomba, sikuwa nimemzungusha. Niliiona kama asante ya mama mtu mzima, nikajiambia kuikataa ni kumvunjia heshima.

Miezi michache baadaye akarudi, safari hii kuna barua anataka igongwe muhuri, kazi ya dakika tano. Nikamwona amesimama mlangoni, hata hajanisalimu, mkono tayari uko kwenye pindo la khanga. Akaja, akaweka noti kaunta kwanza, ndipo akatoa barua. Kitu kikanigonga moyoni. Nikamsogezea noti yake, nikasema, "Hapana mama, weka." Akanitazama kwa hofu. Akadhani ni ndogo. Akafungua tena fundo, akaongeza ya pili.

Wapendwa, nimezeeka sasa, na macho ya mama yule bado ninayo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Hakuna aliyemwambia kwamba muhuri unanunuliwa, alijifunza kwenye mkono wangu siku ile nilipopokea "ya maji." Nilipiga muhuri, nikampa barua yake, akaondoka na pesa zake akigeuka geuka nyuma, kama mtu asiyeamini kwamba karatasi aliyoshika itafanya kazi. Sikumwambia, "Mama, nilikukosea." Nilipaswa kumwambia. Niliona aibu, na sikumwona tena.

Hiyo ndiyo dhambi ya Gehazi. Tunasoma ukoma wa Naamani uliomshika Gehazi tunadhani adhabu imezidi kosa, maana Naamani alikuwa tajiri na talanta mbili hazikumpunguzia kitu. Lakini Gehazi alimrudisha Naamani Shamu akiwa na habari tofauti. Bure ya Mungu ikageuka kuwa mkopo uliolipwa njiani. Na tazameni jinsi mambo yalivyofuatana: akatunga habari ya vijana wawili wa manabii waliofika kwa Elisha kutoka milima ya Efraimu, akawaombea talanta moja akapewa mbili, akaficha nyumbani, akasimama mbele ya bwana wake akasema hakwenda mahali. Wizi mmoja, uongo mara mbili, yote katika mchana mmoja.

Wazee wenzangu wanakumbuka ahadi za mwana-TANU. Mojawapo ilisema rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Iliyofuata ilisema cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Tulizikariri mpaka zikawa kama wimbo. Lakini mitaani tulikuwa na methali zetu nyingine zinazofanya kazi kwa siri: mkono mtupu haulambwi; penye udhia penyeza rupia; mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ukiingia ofisini utazisikia, tena kwa sauti ya upole, kutoka kwa mtu mzima anayekupenda na kukuonyesha kazi. Hatakwambia kula rushwa. Atakwambia, "Mwanangu, hapa mjini kila mtu anajiongeza." Kamba ya mbuzi, wanangu, ameifunga mwenye mbuzi, na shamba linaloliwa ni la wananchi.

Neno kuhusu mshahara. Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, tena watoshewe na mshahara wao. Najua mshahara wa kuanzia. Najua tarehe ishirini unavyohesabu siku. Kutoshewa hakumaanishi kunyamaza. Daini kupandishwa daraja, daini malimbikizo yenu kwa njia zilizowekwa, hiyo ni haki. Lakini niwaambie nilichokiona kwa macho: vijana wengi walioanguka hawakuanzia kwenye tamaa, walianzia kwenye mkopo. Mtu amethibitishwa kazini leo, kesho amekopa benki, makato yakambakiza na theluthi ya mshahara, ikafuata mikopo ya mtaani, hii ya kausha damu. Mwananchi anapoingia ofisini, mtumishi huyo haoni mtu tena, anaona rejesho la Ijumaa. Ukitaka kuushinda mtihani wa bahasha, kakague kwanza madeni yako.

Na ukweli hauanzi siku ya kuapishwa. Aprili 2017 taifa lilitangaziwa kwamba watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi kwa bidii miaka mingi. Niliwahurumia, nawahurumia hata sasa, maana walijenga nyumba nzuri juu ya shimo. Kwa hiyo kwenye fomu zenu andikeni kilichopo. Kama umri ni huo, ni huo. Akitokea mtu wa kusema ana ndugu ndani, mpe kiasi fulani jina litapita, mwambieni hapana. Na kwa mabinti wetu niseme wazi: akitokea anayetaka mwili wako ili upate kazi au ubaki kazini, hiyo ni rushwa ya ngono, sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 imeitaja, na aibu si yako. Njoo kwetu wazazi wako wa kanisani, au piga 113 kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu ni bure. Hatutakuuliza ulivaa nini.

Kuna jambo moja ambalo sijalisikia likihubiriwa sana, nalo limenifariji. Yule mama Mshunami anarudi katika sura ya nane. Njaa ilimtoa nchini, akakaa kwa Wafilisti miaka saba, aliporudi nyumba na shamba lake vilikuwa mikononi mwa wengine. Akaenda kumlilia mfalme. Na nani yuko pale akizungumza na mfalme, akimsimulia matendo makuu ya Elisha? Gehazi. Yule yule. Akamtambua, akasema, "Ndiye huyu mwanamke." Safari hii ujuzi wake wa kuwajua watu ulimsaidia mama yule kupata haki, na hatusomi kwamba alidai kitu. Biblia haituelezi moyo wake ulipita wapi kati ya sura ya tano na ya nane. Mimi nimeshikilia hapo, kama mtu aliyewahi kunyooshewa noti ya mia tano na akaipokea.

Mfalme akamteua afisa mmoja na kumwagiza amrudishie mama huyo vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka. Jina la afisa yule halikuandikwa. Huwa namfikiria: alitoka ikulu na agizo, akaongozana na mama wa kijijini asiye na mtetezi mpaka kwenye mpaka wa shamba, akawakabili waliokuwa wakilima, akahesabu mazao ya miaka saba, gunia kwa gunia, na hakuna mtu wa kumwona kama angepunguza.

Binti yetu na wenzake wanasafiri kwenda Dodoma Jumatatu alfajiri. Jumapili baada ya ibada ya pili tubaki kidogo tuwaombee, na yeyote mwenye nafasi ya kuwafikisha stendi aniambie. Nitawasomea sura hiyo ya nane, kisha nitamwomba binti anipe nafasi ya kulijibu tena lile swali lake.